Viuatilifu na Mtoto Aliye Tumboni

Mjamzito anaweza asibebe bomba la kupulizia hata siku moja na bado sumu ikamfikia. Huipata kwenye ovaroli ya mumewe anayoifua kwa mikono mitupu, au kwenye palizi ya nyanya zilizopuliziwa asubuhi ile ile.

Kundi lililochunguzwa sana ni la oganofosfeti, zikiwemo klopirifosi na diazinoni. Humuua mdudu kwa kukidhoofisha kimeng'enya kinachotuliza neva baada ya kazi. Binadamu naye anacho kimeng'enya hicho. Kondo la nyuma haliizuii sumu hii isipite, na mtoto mchanga ana kiasi kidogo kuliko mama cha PON1, kimeng'enya kinachosaidia kuivunja. Ndiyo maana kiasi ambacho mama hakihisi kinaweza kumlemea mtoto.

Katika bonde la Salinas, California, watafiti walipima mabaki ya oganofosfeti katika mikojo ya wajawazito wa familia za vibarua wa mashambani. Matokeo ya mwaka 2011 yalionyesha kuwa watoto wa kinamama waliokuwa na mabaki mengi zaidi, walipofika miaka 7, walikuwa nyuma kwa wastani wa alama 7 katika vipimo vya akili, wakilinganishwa na wale ambao mama zao walikuwa na mabaki machache zaidi. Jijini New York, chanzo kilikuwa dawa za wadudu wa nyumbani. Klopirifosi ilipozidi katika damu ya kitovu, uzito na urefu wa watoto wakati wa kuzaliwa ulipungua. Matumizi ya majumbani yalipokomeshwa, viwango vilishuka, na kwa waliozaliwa baada ya hapo uhusiano huo haukuonekana tena.

Haina maana kwamba kila aliyeguswa na dawa atajifungua mtoto mwenye kasoro. Malaria, upungufu wa damu na lishe duni navyo hupunguza uzito wa mtoto. Lakini hatari hii inaepukika, na haingoji kadi ya kliniki: mfereji wa ubongo na uti wa mgongo hujifunga takribani wiki 4 baada ya mimba kutungwa, kabla wengi hawajajua kuwa ni wajawazito.

Kwa hiyo baba, ukitoka kupulizia, vua nguo nje, oga, kisha zifue mwenyewe ukiwa na glavu, mbali na nguo za watoto. Heshimu muda wa kurudi shambani ulioandikwa kwenye lebo. Nawe mama, kliniki mweleze nesi kazi mnayofanya, hata asipokuuliza. Ukihisi kizunguzungu, ukitokwa na mate mengi au jasho jingi, wahi hospitali na lebo ya dawa mkononi.