Sindano Isiyo na Dawa (2): Kiuno cha Mchimbaji

Wiki iliyopita tuliwafuata madaktari wa Kichina, ambao kundi lao la kwanza lilifika Zaire mwaka 1973. Leo tutazame kazi yenyewe, tiba ya sindano (akupancha), tukianza na maumivu yaliyozoeleka mjini Kolwezi: kiuno cha mchimbaji aliyeshinda ameinama shimoni mtaani Kasulo, kisha akabeba magunia ya madini.

Mgonjwa hulala kifudifudi, ngozi ikafutwa kwa alkoholi. Sindano haina tundu wala dawa. Ni kijiti cha chuma chenye unene wa robo milimita hivi. Baadhi huchomwa kando ya uti wa mgongo, nyingine kwenye mkunjo wa nyuma ya goti, mahali paitwapo Weizhong. Kwa nini goti, na kinachouma ni kiuno? Wachina husema njia moja ya nguvu ya mwili, qi, hushuka mgongoni ikipita hapo hadi kidole kidogo cha mguu. Munganga huizungusha sindano, huiinua na kuishusha kidogo, mpaka mgonjwa aseme anahisi uzito au ganzi. Kisha sindano huachwa dakika 20 au 30. Wengine huunganisha umeme hafifu; wengine huchoma juu ya ngozi majani makavu ya mmea ulio ndugu wa artemisia, ile ambayo watu hunywa kwa malaria.

Wapasuaji hawajaziona njia hizo za qi. Kinachojulikana ni kwamba sindano huamsha neva, na mwili hutoa endofini, vituliza maumivu vyake wenyewe. Mwaka 2012 yalijumlishwa majaribio ya wagonjwa karibu 18,000 wenye maumivu sugu ya mgongo, goti, bega na kichwa: sindano halisi ilishinda ile ya kuigiza, lakini kwa kiasi kidogo. Nami naichukulia hivyohivyo, msaada kwa maumivu, na kwa kichefuchefu baada ya upasuaji. Anayeahidi kuponya malaria au kifua kikuu kwa sindano hizi anakudanganya.

Pakiti ya sindano ifunguliwe mbele ya macho yako. Sindano iliyotumika kwa mwingine yaweza kuleta homa ya ini na virusi vya UKIMWI. Kifuani ikizama mno yaweza kutoboa pafu. Mama mjamzito aseme mapema, kwani pointi kadhaa huepukwa. Na aliyeangukiwa na udongo, miguu ikafa ganzi au mkojo ukamshinda, apelekwe hospitali siku hiyohiyo, asipitishwe kwanza kwa mchoma sindano.

(Itaendelea)