Mvua ya Ikutha Hunyesha Shule Zikiwa Zimefungwa

Muhula wa tatu wa mwaka 2025 ulianza tarehe 25 Agosti, ukaisha tarehe 24 Oktoba. Ni wiki 9, muhula mfupi kuliko yote, na kwa mwanafunzi wa Gredi ya 4, 5 au 6 huko Ikutha, kusini mwa Kaunti ya Kitui, ni muhula wa vumbi tangu siku ya kufungua hadi siku ya kufunga. Mvua ya vuli, ambayo ndiyo ya kutegemewa Ukambani, kwa kawaida huanza mwishoni mwa Oktoba au mapema Novemba, hukolea kabla ya Desemba, kisha hukatika. Shule zilifunguliwa tena tarehe 5 Januari 2026. Hapo katikati pana siku 72 za likizo, na karibu mvua yote ya maana ya msimu huo hunyesha ndani ya siku hizo.

Masika nayo haisaidii sana. Kusini mwa Kitui ni mvua ya kubahatisha, na mwezi wake wa kutumainiwa, Aprili, pia huliwa na likizo: mwaka 2025 shule zilifungwa tarehe 4 Aprili na kufunguliwa tarehe 28. Kalenda hiyohiyo inaifaa shule ya Kitale, ambako mahindi hupandwa Machi au Aprili na muhula wa pili mzima watoto huyaona yakirefuka nje ya dirisha. Ikutha, muhula wa pili ni upepo, asubuhi za baridi kidogo na ardhi iliyopasuka.

Lingekuwa jambo la hali ya hewa tu kama si mtaala. Chini ya mtaala wa umilisi, gredi za juu za shule ya msingi zina vipindi 35 kwa wiki, kila kimoja cha dakika 35. Kilimo, somo ambalo tangu 2024 limebeba pia lishe na mambo yaliyokuwa ya Sayansikimu, limepewa vipindi 4. Wala si somo la kukariri. Mwanafunzi anatakiwa atengeneze mboji, apande, amwagilie, apalilie, avune, kisha aeleze alichofanya na kwa nini. Hupimwa kwa ngazi nne: kuzidisha matarajio, kufikia matarajio, kukaribia matarajio, au kuwa mbali na matarajio. Mche ukikauka wiki ya tano kwa kukosa maji, aliye mbali na matarajio ni nani?

Mwalimu wa Kilimo huuanza muhula kwa kuandika azimio la kazi. Ukurasa hugawanywa safu kumi: wiki, kipindi, mada, mada ndogo, matokeo maalum yanayotarajiwa, maswali dadisi, shughuli za ujifunzaji, nyenzo, tathmini, na pembeni kabisa kulia, maoni. Safu tisa za mwanzo zinaweza kunakiliwa kutoka kitabu cha mwongozo, azimio la Ikutha na la Kitale yakafanana neno kwa neno. Safu ya kumi ndiyo ya mwalimu mwenyewe. Ni nyembamba, yatosha maneno manne au matano, na anayetaka kujua muhula ulikwendaje kusini mwa Kitui angeanzia hapo. Humo ndimo mwalimu hukiri kwamba kipindi cha kuatika miche kilisogezwa, kwamba umwagiliaji ulifanywa kwa maelezo tu, kwamba shughuli itarudiwa maji yakipatikana. Mkaguzi akipita haraka haoni kitu. Akisoma kwa makini, anaona kalenda ya pili imeandikwa juu ya ile ya wizara.

Maji yenyewe, katika shule nyingi za ukanda huu, huja kwa mikono ya watoto. Mtungi wa lita 5, mara nyingi uliokuwa wa mafuta ya kupikia, hubebwa asubuhi pamoja na mkoba wa vitabu. Umejazwa kwenye mchanga wa mto mkavu, kwa kufukua kishimo, kungoja maji yajikusanye na kuyachota kikombe kwa kikombe. Yakifika shuleni yana wadai wengi: sufuria ya muthokoi au githeri, kunawa mikono, usafi wa vyoo. Bustani hupata yanayobaki. Darasa la watoto 40 likileta lita 5 kila mmoja ni lita 200, na mwalimu anajua mapema kwamba si zote zitakazofika kwenye mboga.

Ndipo ufundi wa chupa unapoingia, na hapa mtu angetamani wanaopanga mtaala waketi chini watazame. Chupa ya plastiki ya nusu lita hukatwa kitako, lakini kitako hakitupwi, hurudishwa kuwa mfuniko ili jua lisinywe maji. Kifuniko cha mdomoni hutobolewa kwa mwiba wa mgunga au msumari uliopashwa moto. Kisha chupa hupinduliwa, mdomo ukachomekwa kwenye udongo karibu na shina la sukuma wiki au mchicha, ikajazwa. Kazi yote iko kwenye tundu. Likiwa pana, maji huisha kabla ya kengele ya mapumziko na mengi huzama chini mizizi isikofika. Likiwa jembamba, mchanga huliziba na mche hunyauka chupa ikiwa imejaa. Watoto hujaribu, hupima kwa saa ya mwalimu, hubadilisha mwiba, hufunga kitambaa mdomoni kuzuia mchanga. Kitalu kimechimbwa kikawa chini ya usawa wa ardhi, kikatiwa samadi na kufunikwa nyasi kavu, ili tone likianguka lisiwe na pa kukimbilia. Anayeanza na tundu la chupa hufikia Hisabati na Sayansi bila kuhama kitalu: mashina mangapi, maji kiasi gani, kwa muda gani. Mwalimu mwenye uzoefu huko hupanga vipindi vyake vinne kuzunguka hilo, si kuzunguka kitabu.

Lakini sukuma wiki ya chupa si kilimo cha Ikutha. Kilimo cha Ikutha ni ndengu, kunde, mbaazi, mtama na mawele, mazao ya kungoja mvua. Wenyeji wengi hupanda mbegu kwenye ardhi kavu mwezi Oktoba, mvua ya kwanza izikute tayari. Ndengu aina ya N26, inayojulikana kwa jina la nailoni, huiva kwa siku 60 hadi 65. Muhula wa tatu wa 2025 ulikuwa na siku 61. Kwa hesabu ya karatasi, zao zima lingeingia ndani ya muhula mmoja: kupanda wiki ya kwanza, maua katikati, kuvuna wiki ya mwisho. Ila hakuna mvua. Siku 72 zilizofuata zilitosha zao hilo tangu mbegu hadi ghalani, na mwanafunzi hakuwa shuleni hata siku moja. Alikuwa shambani na wazazi wake, akipalilia na kufukuza mbuzi, akifanya kila tendo lililoandikwa kwenye safu ya shughuli za ujifunzaji, pasipo mtu wa kuandika alama.

Shule na ukame ni majirani wa zamani hapa. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Ujerumani walifungua kituo chao Ikutha mwaka 1891, na muongo haukuisha kabla ya njaa kuu ya 1898 na 1899, ambayo Wakamba waliipa jina la Ngomanisye. Historia ya karibuni inasumbua zaidi. Kundi la kwanza la mtaala mpya liliingia Gredi ya 4 Januari 2020. Machi shule zikafungwa kwa sababu ya korona. Zilipofunguliwa tarehe 12 Oktoba 2020, ziliwapokea wanafunzi wa madarasa matatu tu, na Gredi ya 4 ilikuwa mojawapo. Kwa kuwa kalenda ilikuwa imevurugika, watoto hao walikuwa darasani Oktoba na Novemba mwaka huo, tena mwaka 2021 wakiwa Gredi ya 5, tena mwaka 2022 wakiwa Gredi ya 6, hadi walipofanya tathmini ya kitaifa ya kwanza, KPSEA, mwishoni mwa Novemba. Vuli tatu mfululizo, shule na majira ya mvua vilikutana. Na ndizo vuli tatu zilizoshindwa, katika ukame wa misimu mitano ulioanza mwishoni mwa 2020. Mwaka 2023 kalenda ilirudi kawaida, shule zikafungwa tarehe 27 Oktoba. Novemba ikaja mvua ya El Niño, mito ikafurika. Kundi lililofuata lilikuwa nyumbani.

Shughuli nyingine za muhula hazina mgogoro huo. Riadha na mpira huhitaji uwanja mkavu, nao upo tele. Tamasha la muziki huandaliwa muhula wa pili, na shule za Ukambani hupeleka ngoma za kwao. Kilumi, ngoma ambayo wazee waliicheza pia katika kuomba mvua, inaweza kufanyiwa mazoezi Juni kwenye kiwanja ambacho hakijaona tone. 4-K, chama cha kilimo cha shuleni kilichofufuliwa rasmi 2021, kimeongeza hamu ya bustani, hakikuongeza maji.

Tathmini ndiyo inayofunga mlango. Baraza la Mitihani, KNEC, hutoa kazi za tathmini ya shuleni kwa nchi nzima. Mwalimu huzisimamia, hupima na kutuma alama. Mfumo ulipoanza, kazi za Gredi ya 4, 5 na 6 zilitengewa asilimia 60, mtihani wenyewe wa KPSEA 40. Alama huhitajika kabla ya mwaka wa masomo kufungwa, yaani kabla ya mvua. Elimu ya msingi iko mikononi mwa serikali ya kitaifa, kwa hiyo kaunti haiwezi kusogeza tarehe hata ikitaka. Kalenda ilishawahi kusogezwa, mara tatu, kwa ajili ya ugonjwa.

Baadhi ya njia zinaweza kujaribiwa bila sheria mpya. Mwanafunzi anaweza kupewa daftari la likizo, aandike tarehe ya mvua ya kwanza, siku ndengu zilipochipua, wadudu aliowaona, madebe yaliyovunwa, na mzazi atie sahihi. Walimu wanajua kwamba daftari la namna hiyo lingejaa. Ugumu uko Januari. Aliyepanda akiwa Gredi ya 4 sasa yuko Gredi ya 5, alama za mwaka uliopita zimeshatumwa, na huenda mwalimu aliyempa daftari amehamishiwa darasa jingine. Mavuno hayo yahesabiwe kwenye gredi gani, na aliyeyaona yakikua, ambaye ni mama au nyanya yake, sahihi yake ipewe uzito gani mbele ya baraza la mitihani?