Je, Wajua? Maajabu Yaliyo Chini ya Nyumba Yako

Bidoni 50 kwa mvua moja
Mvua ya milimita 20 ikinyesha juu ya paa la mita za mraba 50, humwaga lita 1,000: sawa na bidoni 50 za lita 20! Kwenye miteremko ya Nyamitaba na Masisi nzima, mashariki mwa Kongo, maji hayo yakiangukia kando ya ukuta hulainisha udongo na kuuchimba msingi. Mfereji wa kuyapeleka mbali ni rahisi kuliko kujenga upya.

Walijenga juu ya lava
Tarehe 17 Januari 2002, lava ya volkano ya Nyiragongo iliingia mji wa Goma, ikafunika mitaa na sehemu ya njia ya kurukia ndege. Wenyeji walirudi wakajenga palepale, juu yake! Jembe haliingii humo: kiwanja husawazishwa kwa nyundo, na mawe yanayobanduliwa ndiyo hayohayo yanayojenga msingi.

Mbao huvumilia, tofali hupasuka
Nyumba ya mbao ni nyepesi mno, hata kona yake ikizama huweza kuinuliwa kwa jeki na kupachikwa jiwe bapa chini. Ukuta wa matofali haupindiki. Ardhi ikishuka upande mmoja, ufa hupanda ngazi kwa ngazi ukifuata maungio ya matofali.

Zege haligandi kwa kukauka
Saruji huwa ngumu kwa kuungana na maji, na wahandisi hupima nguvu ya zege siku ya 28. Ndiyo maana fundi makini humwagilia sakafu mpya wiki nzima. Ikinyang'anywa maji mapema na jua, hupasuka.

Mpira wa maji haukosei
Jaza maji kwenye mpira mwangavu, ondoa mapovu yote, kisha shika ncha moja kona hii na nyingine kona ile. Maji yakitulia, yako kimo kimoja pande zote mbili, hata kama kuna ukuta katikati. Weka alama ya penseli, nawe umepata usawa bila kifaa cha bei ghali.

Watu 600, jeki 6,000
Mwaka 1860 huko Chicago, Marekani, safu nzima ya maduka ya Lake Street iliinuliwa zaidi ya mita moja na watu 600 kwa jeki 6,000 za skrubu, na biashara haikusimama! Mji ulikuwa kwenye ardhi chepechepe, maji machafu hayakuwa na pa kwenda.

Mnara ulionyooshwa kwa kuchimbwa
Mnara wa Pisa, Italia, ulifungwa mwaka 1990 kwa hofu ya kuanguka. Wahandisi walitoa udongo chini ya upande uliokuwa juu, mnara ukarudi nyuma kama sentimita 45, ukafunguliwa tena 2001.

Ufa wako unaongezeka?
Penseli itakuambia. Chora mstari kwenye ncha zote mbili za ufa, andika tarehe, kisha utazame tena msimu wa mvua ukiisha. Ufa ukiwa umepita alama, ardhi bado inasogea: tafuta kwanza maji yanakopita, ndipo upige lipu.