Kidole Hujuaje Kitu Kinaelekea Wapi?

Fumba macho, umwombe mwenzako akupitishie ncha ya kalamu kiganjani. Bila kusita utamwambia kama inaelekea vidoleni au kwenye kifundo cha mkono. Umejuaje? Kalamu huivuta ngozi kule inakokwenda. Tena hugusa hapa, kisha pa jirani, kisha panapofuata. Dalili hizi mbili huja pamoja siku zote, na mtafiti anayetaka kujua ipi inafanya kazi gani hana budi kuzitenganisha. Mkono wa mtu haumfai: sasa hivi unakandamiza, baadaye unakwenda mbio. Anahitaji mashine.

Mwaka 1988, Kenneth Johnson na mwenzake wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walieleza silinda yenye nukta zilizoinuka kama za breli, inayozunguka chini ya kidole kwa kasi na mkandamizo uliopimwa. Ni kifaa kizuri, ila bado kinaivuta ngozi.

Ufumbuzi ni pini. Chuoni hapohapo iliundwa baadaye mashine yenye pini 400 zilizosongamana kwenye eneo la sentimita moja ya mraba, kila pini na mota yake. Hakuna pini inayokwenda kando. Kila moja hupanda na kushuka palepale ilipo. Lakini zikipanda kwa zamu, safu baada ya safu, unahisi kabisa ukingo ukipita chini ya kidole. Ngozi haikuvutwa, na bado ubongo umepata mwendo. Kwangu mimi, huo ndio ushahidi mzito kwamba mfuatano wa miguso pekee unatosha.

Mwaka 2009 mtafiti Talia Konkle na wenzake walionyesha jambo la ajabu zaidi kwa pini. Mtu akitazama kwa muda mistari inayopanda kwenye skrini, kisha akaguswa na pini, kidole chake huelekea kuhisi zinashuka. Kinyume chake pia ni kweli: mguso huathiri jicho.

Pini hizi zina historia nje ya maabara. John Linvill wa Chuo Kikuu cha Stanford alikuwa na binti asiyeona, Candy. Kwa ajili yake alibuni Optacon, iliyoanza kuuzwa miaka ya 1970: mkono mmoja unapitisha kamera ndogo juu ya maandishi ya kawaida, na kidole cha mkono wa pili kinahisi herufi zikipita juu ya pini 144 zinazotetema. Candy alisoma kwa kifaa hicho.