Saini Peke Yake Haitoshi

Tarehe 8 Aprili 2022, Rais Félix Tshisekedi alitia saini jijini Nairobi mkataba wa kuiingiza Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Wengi wakaamini kuwa Kongo imeshaingia. Kisheria ilikuwa bado. Uanachama kamili ulianza Julai 11, hati ya kuridhia ilipokabidhiwa kwa Katibu Mkuu wa Jumuiya, Arusha.

Kwa kawaida, saini huthibitisha kwamba maandishi yaliyopo mezani ndiyo yaliyoafikiwa. Kuridhia ni nchi kutamka kuwa imekubali kufungwa nayo. Ni posa na ndoa: mahari inaweza kupokelewa, lakini bila akdi hakuna mke. Hata hivyo, mchumba hawi huru kabisa. Kifungu cha 18 cha Mkataba wa Vienna wa 1969 kuhusu sheria ya mikataba kinaitaka nchi iliyotia saini isifanye jambo la kuvunja lengo la mkataba, hadi itakapotamka wazi kuwa haina nia ya kuuridhia.

Nani anaridhia? Nchini Tanzania, Ibara ya 63(3)(e) ya Katiba inalipa Bunge kazi ya kujadili na kuridhia mikataba ambayo kwa masharti yake inahitaji kuridhiwa. Ndiyo sababu makubaliano ya bandari kati ya Tanzania na Dubai, yaliyotiwa saini Oktoba 2022, yalifikishwa Dodoma, na Juni 10, 2023 Bunge likapitisha azimio la kuyaridhia.

Baada ya hapo nchi hazifanani. Kenya, kwa Ibara ya 2(6) ya Katiba ya 2010, mkataba ulioridhiwa huwa sehemu ya sheria za nchi. Tanzania, mkataba hauwi sheria ya ndani mpaka Bunge litunge sheria ya kuutekeleza.

Mikataba ya nchi nyingi huongeza sharti la idadi. Ule wa Eneo Huru la Biashara Afrika ulitiwa saini na nchi 44 mjini Kigali, Machi 21, 2018, lakini ulihitaji hati 22 za kuridhia. Zilipotimia, zikahesabiwa siku 30, ukaanza kutumika Mei 30, 2019.

Basi ukisikia redioni kwamba mkataba umesainiwa, uliza: umeridhiwa? Hati imewasilishwa? Idadi imetimia? Bila majibu hayo, usiseme bado kwamba nchi imefungwa.