Kuziba Nyufa za Mwamba: Habari za Shimo la Taka za Urani Katika Nchi ya Ufini

Wasikilizaji, mtu akichimba kisima katika mwamba, maji huyapata wapi? Hayatoki ndani ya jiwe lenyewe, kwa maana jiwe gumu limeshikamana, wala halina nafasi ya kuweka maji ya kutosha hata mtungi mmoja. Huyapata katika ufa. Chombo cha kutobolea kikifika penye ufa, maji hububujika, na mwenye kisima hushukuru. Wenye elimu ya miamba watuambia kwamba mwamba mkubwa usio na ufa hata mmoja haupo. Kila mmoja umepasukapasuka kwa kupindwa, kwa kupoa, kwa kulemewa na mzigo na kupunguziwa mzigo, katika miaka isiyoweza kuhesabiwa kwa vizazi vya watu. Leo nataka kuwaeleza habari za watu ambao ufa ule ule wa baraka kwao ni adui.

Watu hao wako katika nchi ya Ufini, kaskazini ya Ulaya, katika kisiwa kidogo kiitwacho Olkiluoto, kando ya bahari ya Baltiki. Kisiwani humo imo mitambo mitatu ifanyayo umeme kwa nguvu za nuklia, na mingine miwili iko Loviisa, pwani ya kusini. Chakula cha mitambo hiyo ni urani. Urani ikiisha kutumika hutolewa, nayo si kama majivu ya kuni, ambayo mtu aweza kuyamwaga shambani. Hutoa mionzi mikali ya kuua, na ijapokuwa ukali wake hupungua mwaka kwa mwaka, yapasa ifichwe mbali na watu kwa muda wa miaka laki moja na zaidi. Zamani sehemu ya taka hizo ilipelekwa Urusi. Mwaka 1994 ilitungwa sheria kwamba taka za Ufini zizikwe Ufini, na usafirishaji ule ukakoma mwaka 1996. Mwaka 2001 bunge likakubali Olkiluoto pawe mahali pa kuzika, na mwaka 2004 kuchimba kukaanza. Shimo hilo laitwa Onkalo, neno la Kifini lenye maana ya pango au tundu. Lashuka kwa njia ya kuzunguka, ambayo gari kubwa laweza kupita, hata kina cha mita 430 hivi, yaani kadiri ya futi 1,400.

Desturi ya maziko ni hii. Vyuma vyenye urani iliyotumika hutiwa ndani ya kitu kizito cha chuma cha kusubu, na hicho hutiwa ndani ya mtungi wa shaba nyekundu wenye unene wa sentimita 5. Kisha mtungi hushushwa katika tundu lililotobolewa sakafuni mwa njia ya chini, na kuzungushiwa udongo uitwao bentonaiti. Udongo huu una tabia ya ajabu. Ukipata maji huvimba, na ukivimba mahali pasipo nafasi hubana kila upande, hata maji hayawezi kupita tena ila kwa kunyemelea. Mitungi iliyokusudiwa ni kama 3,250, yenye tani 6,500 za urani. Walinzi basi ni watatu, shaba, udongo na mwamba. Na wote watatu wana adui mmoja, naye ni maji yatembeayo. Maji ndiyo yawezayo kuila shaba, na maji ndiyo yawezayo kuichukua sumu na kuipandisha juu waliko watu.

Mwamba wa Olkiluoto una umri wa zaidi ya miaka milioni 1,800, nao ni mwamba mzuri. Maji yaliyomo katika nyufa zake za chini yametulia tangu zamani sana. Lakini mkiisha kuutoboa, utulivu ule huvunjika. Katika kina cha mita 430 maji husukuma kwa nguvu ya kilo 43 hivi juu ya kila sentimita moja ya mraba, na shimo tupu ni kama kisima kikubwa kilichochimbwa kwa kisiwa kizima: kila ufa hukimbilia kumimina humo. Si taabu ya wachimbaji kulowa tu, maana pampu zaweza kuyatoa maji. Jambo lenyewe ni kwamba huko chini maji yana tabaka zake. Kadiri mtu ashukavyo, chumvi huzidi, hata visima virefu kabisa vya kisiwani vimetoa maji yenye chumvi kuliko ya bahari kuu. Shimo likivuta maji mengi, yale ya chumvi ya chini hupanda, na yale matamu ya juu hushuka. Chumvi nyingi huupunguzia udongo nguvu ya kuvimba. Tena ufa wenye nguvu ukiingia katika tundu la mtungi kabla udongo haujavimba, maji huchimba kijito ndani ya udongo na kuuchukua punje kwa punje. Kwa hiyo nyufa hazina budi kuzibwa, na kuzibwa mapema.

Watu wa pwani wanajua kazi ya kalafati. Fundi huchukua pamba, akaishindilia katika nafasi za mbao, akapaka, na jahazi likishushwa baharini halivuji. Lakini fundi huyo auona mwanya anaouziba, na jahazi liko nchi kavu. Fundi wa mwamba haoni kitu. Ufa wake umo ndani ya jiwe mita nyingi mbele yake, nao umejaa maji yenye kusukuma. Basi hufanya hivi. Kabla ya kupasua kipande kingine cha njia, hutoboa matundu membamba marefu, yapata mita 20, kuizunguka njia ijayo, yakitanuka kidogo kama vyuma vya mwavuli uliofunguliwa nusu. Ndani ya matundu hayo hupiga uji wa saruji kwa pampu, kama mganga apigavyo sindano. Uji huingia nyufani na kuganda. Ndipo njia hupasuliwa ndani ya mwavuli ule, lakini haipasuliwi hata mwisho wake. Husazwa kipande, ili mwavuli wa pili uanzie ndani ya wa kwanza. Wakingoja mpaka maji yameonekana ukutani, wamechelewa, maana uji unaopigwa kuelekea shimo tupu hurudishwa na maji na kumwagika sakafuni.

Kazi ya namna hii si mpya. Mwaka 1802, katika bandari ya Dieppe nchini Ufaransa, mhandisi Charles Bérigny alipiga udongo na chokaa kwa pampu chini ya msingi uliokuwa ukivuja. Na mwaka 1933 Maurice Lugeon, mtu wa Uswisi, alitoa kipimo ambacho hata leo hutumika: ni lita ngapi za maji zinywewazo na mita moja ya tundu kwa dakika moja, zikisukumwa kwa nguvu maalumu. Tundu linywalo sana lina nyufa kubwa. Lakini hapa yataka busara, kwa sababu msukumo wa uji lazima uyashinde maji ya mwambani, usije ukashindwa kuingia. Na ukizidi mno huzitanua nyufa zenyewe, na fundi aliyekuja kuziba atakuwa amepasua.

Sasa sikilizeni hesabu ifanyayo kazi hii kuwa ngumu kuliko idhaniwavyo. Ufa ukiwa mpana mara mbili kuliko mwingine, haupitishi maji mara mbili, bali mara nane. Ukiwa mpana mara kumi, hupitisha mara elfu. Furaha ya hesabu hii ni kwamba ukiziba nyufa chache pana umezuia maji karibu yote. Uchungu wake huonekana baadaye, watakapo kuzuia hata yale kidogo yaliyobaki. Hapo imewapasa kuingia katika nyufa nyembamba kuliko karatasi, na saruji si maji, ni unga. Punje zake zikifika mlangoni pa ufa mwembamba hufanya kama watu wanaokimbilia mlango mmoja kwa pamoja: hushikana mlangoni, na nyuma yao hapiti mtu. Mafundi husema kwamba ufa uwe na upana wa mara tatu hivi ya punje kubwa ndipo uji upite. Husaga saruji iwe laini kabisa, lakini hata hiyo ina kikomo chake.

Lakini taabu iliyowasumbua zaidi si ya upana wa nyufa. Kila mwashi ajua kwamba saruji mbichi huchoma mikono. Ukali ule ni wa namna ya magadi na chokaa, na wenye elimu huupima kwa kipimo kiitwacho pH, ambacho maji safi ni 7 na kila daraja moja ya kupanda ni ukali mara kumi. Maji yaliyokaa ndani ya saruji ya kawaida hufika 12 na nusu, hata 13 na zaidi. Katika nyumba au daraja hayo hayana neno. Tena ndiyo yalindayo vyuma vilivyo ndani ya saruji visile kutu. Lakini maji makali namna hiyo yakiufikia udongo wa bentonaiti, huuyeyusha na kuugeuza polepole uwe madini mengine yasiyovimba. Tazameni basi jinsi jambo lilivyofungana: ufa usipozibwa, maji huusomba udongo; ukizibwa kwa dawa ya kawaida, dawa huuharibu udongo ule ule. Na udongo ndio utakaolinda miaka laki, si saruji.

Mafundi wa Ufini, wakishirikiana na wenzao wa Uswidi na Japani, walishika kutafuta uji mpole mwanzoni mwa karne hii, na shabaha yao ilikuwa pH isiyozidi 11. Njia waliyoipata ni kupunguza saruji na kutia vumbi la silika, lililo laini mno kuliko saruji. Silika ni kitu kile kile kifanyacho mchanga mweupe. Vumbi hilo hula chokaa ya saruji ingali ikiganda, na maji yatokayo hupungua ukali. Kutoka 13 hata 11 si kushuka kidogo. Ni kushuka mara mia. Lakini uji wa namna hii huwa mzito, hautaki kupita pampu, kwa hiyo hutiwa dawa ya kuulainisha. Na dawa hiyo nayo yatazamwa kwa hofu, maana yaweza siku moja kushikana na sumu ya urani na kuisaidia kusafiri. Kwa sababu hiyo, kila kitu kigeni kibakicho shimoni huandikwa katika daftari, hata kiasi cha uji ulionyweshwa mwamba. Mimi naona uangalifu huu kuwa wa haki, maana watakaoishi juu ya shimo hawatakuwa na njia ya kuuliza.

Kwa nyufa zile nyembamba kabisa wametumia kitu kingine, silika iliyotawanyika majini. Chembe zake hazifiki hata sehemu ya elfu kumi ya milimita, na mtu akiitazama huona kama maji tu. Huchanganywa na maji ya chumvi, na baada ya muda huganda kama uji wa muhogo uliopoa. Kiasi cha chumvi ndicho kiamuacho saa ya kuganda. Ikizidi, uji huganda ndani ya bomba. Ikipungua, maji huuchukua kabla haujashika. Jaribio kubwa la kitu hiki lilifanywa Uswidi, katika maabara ya Äspö iliyo chini ya ardhi, kuanzia mwaka 2007. Huko walichimba njia ya mita 80 hivi, katika kina cha mita 450, kwa ajili ya jaribio hilo tu. Walitaka maji yaingiayo katika kila mita 60 yasizidi lita 1 kwa dakika, nao walifaulu. Tena walijaribu kuyaweka matundu yote ya sindano ndani ya mahali patakapopasuliwa, ili mwamba utakaobaki usiachiwe matundu ya kuvusha maji.

Hata hivyo mafundi wa Onkalo hawasemi kwamba wameufanya mwamba kuwa chupa. Uji wa saruji hutakiwa kufanya kazi katika miaka ya kuchimba, kuzika na kujaza, ambayo ni kama mia hivi. Baadaye, njia zikiisha kujazwa udongo, maji yatarudi mahali pake, msukumo utakuwa sawa pande zote, na uji utayeyuka kidogo kidogo. Katika hesabu za miaka elfu na elfu hawautegemei.

Wala si kila mahali pazibwapo. Tundu la mtungi likichimbwa, hupimwa maji yake. Yakizidi sehemu moja ya kumi ya lita kwa dakika, kikombe kidogo tu, hawalitii saruji ili wapate kulitumia. Huliacha, wakaenda kutoboa mbele, penye mwamba mkavu zaidi. Mwaka 2024 walianza kujaribu kufanya kazi yote tangu mwanzo hata mwisho kwa mitungi isiyo na urani.