Skrini za Kusomea Vitabu: Nukta Nyingi Pekee Hazitoshi

Baadhi ya maktaba za umma nchini zimepokea vifaa vya Kindle kupitia shirika la Worldreader na Huduma ya Maktaba ya Kitaifa ya Kenya (KNLS). Wazazi nao huulizia vya mtumba, na muuzaji hupenda kutaja kwanza idadi ya nukta kwenye skrini.

Nukta hizo ndizo huunda herufi. Kindle ya kwanza, ya mwaka 2007, ilikuwa na 167 kwa kila inchi. Nyingi za sasa zina 300. Zikiwa chache, kingo za herufi huonekana kama meno ya msumeno, na mtoto anayeanza kusoma anaweza kudhani "neno" ni "meno". Hata hivyo, kifaa kikiwa sentimita 30 kutoka usoni, ni vigumu kwa jicho kutofautisha zaidi ya nukta 300 hivi. Kulipia zaidi ya hapo ni kupoteza pesa.

Kinachowasumbua wasomaji wengi ni tofauti ndogo kati ya weusi wa herufi na weupe wa ukurasa. Skrini ya wino wa kielektroniki ina vifuko vidogo mno vyenye chembe nyeusi na nyeupe zinazosukumwa kwa umeme. Hurudisha mwanga unaoiangukia, kama gazeti, hivyo jua la saa saba mchana huisaidia. Simu na tableti, zikiwemo zilizosambazwa na serikali ya kitaifa katika shule za msingi kuanzia mwaka 2016, huwaka kwa ndani. Chini ya jua kioo chake hung'aa na weusi hugeuka kijivu, hata nukta ziwe nyingi namna gani.

Usiku mambo hubadilika. Stima ikipotea, Kindle ya zamani isiyo na taa haisomeki, na kwa kuwa ukurasa wake una ukijivu, huhitaji mwanga mwingi kuliko karatasi nyeupe. Taa ya sola iwekwe ubavuni, isimulike kioo moja kwa moja. Kindle Paperwhite, iliyotoka mwaka 2012, ina taa yake.

Kabla ya kulipa, mnunuzi akitoe kifaa nje ya duka akisome juani, kisha kwenye kona yenye giza. Achunguze pia mistari isiyofutika; hiyo ni skrini iliyovunjika. Na mtoto akiendelea kukisogeza kifaa puani hata baada ya herufi kukuzwa, apelekwe kliniki ya macho kabla ya kununuliwa kingine.